Silii, Ni Oktoba

Tangu Jumatatu wamenipa pole watu wanne.
Wa kwanza Wafubwa, mlinzi wa jengo,
aliyevua kofia kabisa
akauliza ni nani, na tunasafirisha lini.
Hakuna aliyekufa, nikamwambia.
Ni macho.

Mimi ni fundi saa. Meza yangu ina upana wa sinia,
chini ya ngazi, Barabara ya Luthuli,
kati ya muuza chaja na muuza spika
wanaoshindana kwa kelele toka saa mbili.
Kazi yangu ni skurubu ndogo kuliko chawa mchanga,
na jicho ndilo mtaji.
Mguu ukiuma nitakaa, mgongo ukiuma nitainama;
jicho likiwasha,
saa ya mtu inageuka dimbwi lenye mishale.

Mshitakiwa nilimjua. Mjakaranda!
Nani mwingine, na umetandaza zambarau yake
kuanzia Ngara hadi mlango wa kanisa,
watu wanapiga picha, mimi napiga chafya?
Nikauapiza.
Nikawa navuka barabara nisipite chini yake.

Mpaka kliniki, kwa Nesi Kwamboka.
Alinifunua kope kama anayefunua daftari la madeni.
"Usiusingizie," akasema. "Ua la kujipamba hivyo
linangoja nyuki, halina haja na wewe.
Ziulize nyasi. Zile nyonge za kando ya lami,
zisizo na rangi, zisizopigwa picha,
ndizo zilizoupa upepo chavua yao yote."

Kisha akakishika kidole changu cha shahada:
"Na huyu ndiye shahidi wa uongo.
Ukikuna, jicho linakushukuru dakika moja,
linakulaani saa nzima."
Nikacheka. Mwiba wa kujichoma,
miaka sita najichoma nao
na bado nilikuwa nangoja kuambiwa pole.

Sasa naishi kwa sheria, kama bi harusi mbele ya mavyaa.
Nikifika Pangani, kabla ya chai, kabla ya salamu ndefu,
mikono sabuni, uso maji,
kitambaa cha kichwa kinabaki mlangoni na vumbi lake.
Alfajiri dirisha nalifunga. Upepo ubishe hodi, sipo.
Foronya sizianiki tena uani penye majani marefu;
zinakauka bafuni, polepole, kama deni.
Matone yangu yanalala kwenye friji ya Mama Atsango,
kati ya maziwa na dania
(mwanawe alidhani ni dawa ya kuku),
na kila jioni nagonga mlango wa jirani
kuomba macho yangu.

Wapo walioniletea chai ya rangi niyaoshee.
Nilishukuru. Nikainywa.

Halafu kitambaa cha baridi juu ya kope,
dakika kumi za giza,
nazisikiliza saa za ukutani
kila moja na uongo wake.

Leo mchana, macho meupe, mkono umetulia,
akaja Bi Khavere na saa ndani ya leso.
Nikaiweka sikioni. Nzima.
"Najua ni nzima," akasema. "Ni ya mume wangu.
Nataka uisimamishe.
Inatembea usiku kucha kabatini
kana kwamba haijaambiwa."

Nilikivuta kifundo kwa ukucha.
Ikasimama saa kumi na dakika ishirini.
Hata muuza spika, sijui kwa nini, alikuwa amenyamaza.

Ndipo yakaja. Mkono ulipanda wenyewe,
ukafika shavuni,
nikamkumbuka Kwamboka, nikaushusha mezani
kati ya skurubu.
Bi Khavere akaniinamia:
"Pole, dada. Ni hii Oktoba?"

Ni Oktoba, nikasema. Ni nyasi tu.
Na nikayaacha yashuke,
bila kuyakuna.