Ya Laki Tatu

Karafuu nimepima,
gunia sita mazima,
noti zote nikasoma,
nikenda zangu mjini.

Bikombo kaniagiza:
"Faki, hebu nisikiza,
kwetu ukuta ni kiza,
wanetu wa kwa jirani.

Kwa Makame wakienda,
mpira ukishapanda,
huulizwa: 'Mwaja randa?'
Wabakia dirishani."

Duka la Mwinyi Khatibu
lipo na soko karibu,
kijana ana adabu,
marashi hadi shingoni.

Mbili kaziwasha pamwe
ukutani zitazamwe:
"Mzee, lako lisemwe,
bei hazina utani.

Hii ni ya laki tatu,
siku husogeza watu."
Sauti kama ya kutu,
yakoroma mkebeni.

"Hii milioni mbili,
rangi zake za kikweli,
weusi wake asili,
kaniki ya sandukuni."

Akatokea kasuku,
anavyotazama huku!
Unyoya ungeushuku
wakuwasha viganjani.

Akanong'ona: "Rahisi
huvunja upishi, basi
ukirudi na mikosi
sitakujua dukani."

Mkono nikautia
kibindoni, nasikia
noti zinaniambia:
"Tutoe, twende, jamani!"

Mara umeme kukata,
kasuku akajifuta,
feni nayo ikasita,
kimya kikaja dukani.

Zote mbili zimelala,
nyeusi, hazina hila,
mna kofia na kola,
mtu yule yule ndani.

Ile ghali nayo vile:
mvi zangu zile zile,
pengo langu palepale,
halijapata thamani.

Nikamkumbuka mama.
Tangu msimu wa nyuma
kiza hiki cha lazima
ndicho chake cha machoni.

Mtoto wa jicho huwa
hutolewa, kaambiwa;
nikasema, "Tutajuwa
baadaye, msimuni."

Na msimu ndio huu!
Kasuku wa bei kuu
amenishika miguu,
nisimkumbuke nani?

Umeme uliporudi
kasuku kapiga hodi.
Kasema, "Toa ahadi."
Nikanyosha chanda chini.

"Ya laki tatu ifunge,
kwa kamba ngumu izonge,
kasuku wako mchunge,
yupo mteja njiani."

Nikaipakata njia
kama mwari, nachelea,
kila shimo nasikia
kioo kiko rohoni.

Bikombo kaitazama,
kwa shubiri kaipima,
akasema, "Si lawama,
ila kubwa ya jirani."

Wana wakafurahika.
Jezi zikichanganyika,
nani kafunga? Hucheka,
hujua kesho chuoni.

Mama katega sikio:
"Wana pumu watu hao?
Wapeni maji ya koo,
wanakoroma kwa nini?"

Mama nikamchukua
hadi Mkoani, jua
bado halijachanua,
akaingizwa wodini.

Pesa ikawa nyembamba:
nauli, dawa na pamba,
na mchumaji kaomba
chake cha juu mitini.

Bandeji ikabanduka,
mama huku akicheka:
"Faki, mbona umechoka?
Na mvi zote za lini?"

Usiku kavuta kiti,
kapiga jicho kwa dhati,
kaona mtu na shati:
"Shati hilo rangi gani?

Nyasi mbona zapauka,
kanga iliyochujuka?
Uso wa mtu wawaka
ja papai la kapuni!

Faki, pesa hukupata?
Mbona mbovu umeleta?
Jicho jipya linakata,
halihongwi asilani."

Bikombo kaangalia
kando, kanga kajitia.
Nami sikumuambia
jicho lile bei gani.

"Msimu, mama, msimu
ukija tena, ni zamu
ya kasuku maalumu
aje kwetu ukutani."

"Kasuku!" Mama kaguna,
kiti akavuta tena.
"Nyamaza, sasa naona:
yule kaupiga ndani!"