Haraka Kiasi

Kituo changu ni kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya,
hapa Pongwe, upande wa kushoto kama unakwenda Muheza.
Kamera iko juu ya nguzo. Chini, juu ya lami,
mipira miwili myeusi imelazwa, mita tano kati yake.
Gurudumu likikanyaga wa kwanza, saa inaanza;
likikanyaga wa pili, saa inakoma.
Huo ndio ukweli, na ukweli ni wa kuazima:
Ijumaa unang'olewa, unarudi Dodoma kwa wenyewe.
Kamera itabaki peke yake, ikisie.

Basi naifundisha kukisia.

"Si ndiyo wala hapana," alinieleza Mhandisi Singano.
"Lori la saruji la saa nne ni polepole kwa sehemu tatu,
wastani kwa sehemu saba,
na hakuna aliyesema uongo."
Nikacheka. Shangazi Semeni hajawahi kusema vingine.

Anauza machungwa hatua ishirini kutoka kwangu.
Hatazami barabara, anamenya.
"Hiyo ina haraka kiasi. Haisimami."
"Hiyo haraka yake ya kujitia tu,"
halafu anainua beseni, na gari linasimama.

Kiasi. Nikalichorea neno hilo mistari
nyuma ya karatasi ya kufungia:
linaanza arobaini, linapanda mpaka hamsini na tano,
linashuka, linakwisha sabini,
kama paa la banda.
Akalitazama, kisu mkononi.
"Mbona limechongoka? Kiasi changu kina tumbo."

Nikalipa tumbo.

Usiku mashine hukokotoa. Hukosea,
kisha kosa hurudishwa nyuma, tabaka kwa tabaka,
kama mtu anayeirudia njia kutafuta ufunguo alioudondosha.
Tumbo la kiasi husogea kushoto, unywele mmoja.
Hukosea tena, pungufu ya jana.

Alhamisi ilinyesha.
Pikapu yenye shehena ya mkonge, taa moja.
Kamera, matone usoni, ikasema: sitini na mbili.
Shangazi akasema, "Wee!"
akavuta beseni kifuani kwa mikono yote miwili.
Mipira ikasema themanini na nane.
Maji ya dimbwi yalitufika mpaka vichwani.
Machungwa mawili yalivuka barabara yenyewe, yakafika.

Niliandika namba zote mbili. "Wee" nilikosa safu ya kuliweka.

Leo Jumamosi. Pale ilipolala mipira
pamebaki michirizi miwili, mipauko,
na magari yanaikanyaga bila kuambiwa kitu.
Nyeupe moja imechomoza kwenye kona.
Hamsini na moja, inasema kamera.
"Shangazi, hiyo je?"
Ameshika beseni kwa mkono mmoja.
Bado hajaliinua.