Mlango wa Mama

Mama alinunua mlango kabla ya nyumba.
Mlango wa chuma, rangi ya samawati,
kwa fundi Odundo kule Kamukunji,
nyundo zikijibizana pande zote.
Alilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne,
zikinuka dania na vitunguu vya kibandani.

Vijana wawili wa mkokoteni
waliupandisha hadi orofa ya nne, Kayole,
wakipumzika kila kona ya ngazi, wakiuliza:
Mama, tuutie wapi?
Uegemezeni hapo, akasema. Nyumba inakuja.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliona aibu.

Chumba ni kimoja; mlango ukala nafasi ya kabati.
Tulianika soksi juu yake.
Dada yangu Mwikali alijifunza kugawanya
kwa chaki, ubavuni mwake,
na Gathogo, msimamizi wa jengo, kila akija kudai kodi
aliugonga kwa ukucha, ko, ko,
akacheka: Hodi! Kuna mtu huko ndani?
Mama humjibu bila kugeuka kutoka jikoni:
Karibu. Tutakufungulia.

Ahadi aliipata usiku wa kesha,
umeme umekatika, mvua inapiga bati la kanisa
hata mhubiri akanyamaza.
Maneno yenyewe hajawahi kunitajia.
Husema tu: Aliyeniambia hasahau,
nami sitamkumbusha kwa kelele.

Miaka tisa sasa.
Sitasema hakuwahi kuyumba.
Mwaka ule kibanda chake kilipobomolewa
alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu.
Mzani ukaletwa. Bei ikatajwa.
Mama akalishika komeo, akakaa hivyo,
kisha akampikia yule mtu chai
akamrudisha na mzani wake.

Bado hakuna kiwanja. Hakuna hata jiwe.
Ila kila mwisho wa mwezi hutia bawaba mafuta,
tone juu, tone chini,
akifuta kwa kipande cha fulana yangu ya shule,
maana, asema, mlango huu
haufai kulia siku ya kwanza.

Jana nimerudi kutoka Eneo la Viwanda,
mimi mtu wa hesabu, nisiyeamini sana,
nimejua bei ya ardhi Ruai, Kamulu, hadi Joska,
nimeigawa kwa mshahara nikachoka.
Nikamkuta amepiga magoti, chupa ya mafuta mkononi,
sikujua kama anaomba au anafanya kazi.
Nilikuwa na neno la busara mdomoni.
Badala yake nikasikia sauti yangu ikiuliza:
Mama, utafunguka kwa ndani au kwa nje?

Akanisogezea kitambaa.
Kwa ndani, akasema.
Mgeni asilazimike kurudi nyuma.