Povu

Nyanya tatu nimezing'oa Cahi, kwenye kibustani cha mama,
mteremko ule ambao mvua ya Aprili huulamba kidogo kidogo
na kuupeleka ziwani bila risiti.
Mizizi ina vifundo,
rozari iliyofungwa na mtu mwenye haraka.
"Udongo umechoka," kasema mama,
akanifungia mimea katika jani la mgomba
kana kwamba napeleka chakula kwa mgonjwa.

Maabara yetu ni chumba kimoja na nusu, Nyawera,
juu ya duka la vioo.
Nimepasua fundo kwa wembe.
Ndani amelala mnyoo, mdogo kuliko punje ya ulezi,
mnene, mweupe, hana wasiwasi.
Aliingia akiwa uzi,
akapita kati ya seli na seli
kama mpangaji anayetafuta mlango usiku,
akachomeka sindano ya mdomo wake,
akaanza kuagiza chakula.

Mmea hauna miguu. Hauna wa kumpigia yowe.
Basi huwasha.
Huichukua oksijeni hii hii tunayovuta,
huivua adabu,
huifanya peroksidi,
ile ile ya chupa ya kahawia ya mfamasia
aliyonimiminia mama gotini
nilipoanguka kwenye ngazi za Kadutu, miaka saba,
povu likapanda
nikadhani mfupa unachemka.

Tatizo la moto: haumjui mwenye nyumba.

Kaka yangu Cirhuza aliamka siku moja
akakuta miti ya mpaka imesogea hatua mbili.
Miti haitembei, kila mtu alijua.
Akachoma ua wa jirani.
Kisha upepo wa ziwa ukageuka,
na kilichoungua ni jiko letu,
mbuzi wawili, na daftari la mama la madeni
(hilo wadeni hawakulilia).
Alikuwa na kiberiti.
Hakuwa na katalasi.

Mmea unayo. Kimeng'enya hicho
hukaa tayari karibu na moto wake mwenyewe,
huidaka peroksidi, huikata:
maji huku, hewa huku,
mamilioni kwa sekunde, bila kupumzika, bila mshahara.
Na vitamini C, ile tunayoitafuta kwenye mapera,
kwa mmea si dawa ya mafua.
Ni mwili unaojiweka mbele ya cheche
ili utando wa seli usiungue,
huungua wenyewe,
kisha hufufuliwa, hutumwa tena.
Choma. Zima. Choma kidogo. Zima.
Anayechelewa kuwasha, analiwa.
Anayechelewa kuzima, amejila.

Nilitwanga mizizi, kila mmoja kinu chake,
nikaweka mashine ya kupima mwanga.
Mzizi wa kwanza, namba. Wa pili, namba.
Umeme ukakatika.
Chini yetu mtu wa vioo akatukana kwa Kifaransa,
halafu kwa Kishi, palipouma zaidi.

Wa tatu ni mbegu aliyoleta Nshokano kutoka Walungu,
kwenye soksi, akisema bibi yake aliipanda
kabla hata ya barabara.
Mzizi wake una vifundo viwili tu.
Sikutaka kungoja. Peroksidi huharibika,
na juisi ya mzizi pia, na mimi.
Nikadondosha tone gizani.

Nililisikia kabla ya kuliona,
shhh, kama mama anayetuliza mtoto wa mtu mwingine.
Nikawasha tochi ya simu, nikaegesha rula:
povu sentimeta nne na nusu.
Nimeandika.
Sijaandika maana yake.
Huenda ni povu la anayeshinda,
huenda ni la aliyeshtuka jana
na bado anakimbiza ndoo.

Jioni nimempigia Cirhuza. Hatujazungumza tangu jiko.
Nikamuuliza kama mpaka umerudi mahali pake.
Akasema, hatua moja.
Tukanyamaza kidogo, yeye kule, mimi huku,
mkono wangu bado unanuka nyanya mbichi.