Mito Mitatu

Kutoka njia panda ya Chuda hadi mlangoni kwetu
ni hatua mia mbili na ushei.
Mama alianza kuzikata vipande.
Kwanza alisimama kwa fundi baiskeli,
akasingizia kiatu.
Halafu kwa muuza mkaa, akauliza bei
ya gunia asilolihitaji.
Nami, mjinga wake, nilisubiri
nikitazama saa.

Jirani Mwantumu alisema: uzee huo.
Shemeji akasema: chumvi.
Yuko aliyetaja jini la Pongwe na jogoo mwekundu.
Mimi jibu langu nililitunza tangu utoto:
mkonge.
Miaka kumi na tisa chumba cha brashi,
singa zikipigwa hadi zing'ae,
vumbi kwenye kope, kwenye ushungi, kwenye chai.
Jioni kikohozi chake kilitangulia hodi.
Basi nilipanda Bombo
na hasira niliyokwisha kuipiga pasi.

Tabibu alikuwa kijana, Shekigenda,
kalamu sikioni kama seremala.
Alishusha kope ya chini, akatafuta wekundu:
"Damu ikipungua, nayo hukimbiza pumzi."
Akasikiliza mgongo, muda mrefu.
"Vumbi limeacha alama, sikatai.
Pumu ingepiga filimbi.
Kifua kikuu tutapima makohozi.
Hata hofu tupu hubana kifua, mama."
Kisha akapiga magoti,
akabonyeza kifundo cha mguu kwa dole gumba,
akaliondoa.

Shimo likabaki.

Tuliliangalia wote watatu,
dogo, kama la bao
lililokwisha kuliwa kete.

"Unalalia mito mingapi?"

Mama akageukia dirisha.
"Mitatu. Siku nyingine nakaa tu,
mpaka adhana ya alfajiri."

Mitatu.
Mmoja wake. Mmoja wa wageni.
Wa tatu wa mwanangu Sauda:
aliuomba mwezi wa Rajabu, nikamtania,
Mama, uzeeni umekuwa bibi arusi!
Akacheka,
kicheko cha kubana matumizi.

Moyo, kumbe.
Moyo uliochoka kusukuma,
na maji yanayompanda kifuani
kila akilaza kichwa.
Nilikwenda kutafuta wa kumshitaki,
nikarudi na vidonge vya kukojoza,
kadi ya kliniki, na onyo kuhusu chumvi.
(Shemeji hajaacha kutamba.)

Kama vumbi halina hatia, sijui.
Shekigenda naye hakuapa.

Siku hizi tukitoka Chuda
akisimama, nasimama.
Hatuulizi bei ya kitu.
Kupumzika: neno nililolidhania la wavivu,
kumbe limebeba pumzi tumboni
miaka yote hii.

Juzi Sauda alirudishiwa mto wake.
Unanukia asumini na dawa ya kuchua.
Amenikataza kuufua.