Robo Tatu

Raya alileta karatasi iliyokunjwa mara nne,
ndogo kama hirizi, ndani yake tisa juu ya thelathini.
Mama yake akaibana chini ya sahani ya tende,
akaniambia, "Tafuta mwalimu.
Usitafute wa rahisi, tafuta wa kufaa."

Nikauliza. Mabela watu hawanyimani majina:
muuza mkate ana shemeji yake,
imamu ana mpwa, kinyozi ana namba tatu.

Wa kwanza alinukia udi, hakunukia chaki.
Vyeti vyake amevitia plastiki, kimoja kimoja.
Riali kumi na mbili kwa saa, na saa yenyewe
ilikuwa dakika arubaini na simu mbili.
Lori langu nililificha nyuma ya msikiti siku hiyo,
lori la maji, la buluu, linalochuruzika,
nisije nikaonekana mtu wa mipira na koki,
naye akampimia mwanangu elimu
kwa kibaba cha baba yake.

Wa pili alikuwa na sauti. Jirani zangu wote
sasa wanaijua jedwali ya saba kwa moyo.
Raya alijibu kila kitu "ndiyo, ustadhi,"
na usiku akataka kulala na taa,
mtoto wa miaka kumi na moja.
Nilimlipa hata siku alizobakisha, ili asirudi.

Wa tatu sikumtafuta.
Bi Thuwaiba, karafuu shavuni, alinisimamisha mlangoni kwake
tukagombana juu ya ankara:
"Umeniandikia galoni elfu. Tangi langu halichukui elfu."
Akaligonga kwa vifundo vya vidole, juu, katikati, chini,
akasikiliza, akataja hesabu yake.
Nilipanda kupima. Alikosea galoni nne.

"Bibi, ulikuwa na kazi gani?"
"Nimesomesha hesabu Nizwa, miaka thelathini na moja.
Sisomeshi tena. Magoti."
Nikamwambia kugawanya hakuhitaji magoti. Hakucheka.

Akaja Jumatatu. Riali nne, chai bila sukari.
Hakuuliza alama. Alitaka daftari,
tena zile kurasa zilizofutwa mpaka zikatoboka.
Akaziinua kwenye mwanga wa dirisha
kama mtu anayekagua yai.
Raya kanigandia ubavuni, mabega juu.
"Hapa," akasema Bi, "hapa ulikuwa umepata.
Nani aliyekwambia ufute?"

Kimya. Kiyoyozi kikakohoa.
Kisha: "Baba yako ana kazi gani?"

Mtoto akanitazama mimi kwanza.
Hilo ndilo lililonichoma, si ile tisa:
mwanangu alikuwa akiniomba ruhusa ya kunitaja.

"Ana lori," nikajibu mwenyewe. "La maji. Liko nyuma ya msikiti."
"Linafanya nini huko, linaswali? Lilete."

Saa kumi, jua la Aprili linang'ata bati,
tukamsukuma Bi na magoti yake mpaka juu ya kiti,
Raya katikati, daftari kwenye dashibodi.
Galoni elfu mbili na mia nne tulitoka nazo kisimani.
Nyumba ya kwanza, yenye geti la kijani, ikanywa mia sita.

"Tumebaki na sehemu gani?"

Raya hakushika kalamu.
Nilikata kona, maji yakapiga ukuta wa tangi,
akainamisha kichwa kuyasikiliza
kama ninavyoyasikiliza mimi, miaka yote hii,
bila kujua kwamba ni somo.

"Robo tatu,"
kwa sauti yake mwenyewe,
ile ya kugombania biskuti.

Bi Thuwaiba hakumsifu.
Akateremsha kioo, akatema karafuu.
"Haya," akasema. "Nyumba ya pili."