Nywila

Miezi kumi na minne niliificha.
Chumba cha Ng'ong'ona, pazia chini,
kompyuta ikihema vumbi la Agosti,
na ile mistari arobaini ya sataranji,
jinsi ya kupogoa matawi yasiyozaa
kama wapogoavyo zabibu Hombolo,
kabla mashine haijapoteza muda kuyahesabu.
Niliifungia kwa nywila: jina la mbuzi wa mama.

Foibe Chilewa alichapa programu yake yote
akaibandika ukutani, stesheneri ya Makulu,
kosa lake kalipigia mstari mwekundu:
"Hapa farasi wangu anapotea. Nani anajua?"
Nikacheka. Mtu anaanika unga upepo ukivuma!

Jumamosi, mashine kwa mashine,
yangu ikamtoa farasi bure, hatua ya thelathini na moja.
Kosa lilelile.
La kwake lilishazibwa na kijana wa Kizota,
kwa penseli.

Usiku nikaisoma karatasi yake hadi chini.
Mistari yangu arobaini imo.
Yeye kaiandika kumi na miwili,
na tarehe ni ya mwaka juzi.

Nimebaki na nywila.
Yule mbuzi tulishamla Krismasi.